Mzee wa Ukoo Aliyefia Ng'ambo: Jinsi Familia ya Arusha Inavyoweza Kumtafuta Baharia wa Karne ya 19

Kumtafuta mzee wa ukoo aliyeingia baharini katika karne ya 19 na kufia ng'ambo ni kazi ya kukutanisha kumbukumbu za aina mbili ambazo zimeishi mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia moja. Ya kwanza ni simulizi, yaani habari ambazo ukoo hurithishana kwa mdomo kutoka kwa wazee hadi kwa wajukuu, na ya pili ni nyaraka, yaani maandishi yaliyowekwa na serikali, kampuni za meli, balozi, hospitali na misheni kwa ajili ya shughuli zao wenyewe. Simulizi humjua marehemu kwa jina, kwa mama yake na kwa watoto aliowaacha, lakini haijui alikozikwa. Nyaraka hujua siku aliyokufa, ugonjwa uliomuua na mshahara aliokuwa akidai, lakini mara nyingi humwita kwa jina ambalo hata mkewe asingelitambua. Kwa sababu hiyo familia nyingi hukata tamaa mapema, zikidhani kwamba jina lisipoonekana kwenye daftari basi na mtu mwenyewe hayumo, ilhali utafutaji wa namna hii una kanuni yake, nayo ni kwamba baharia wa karne ya 19 hutafutwa kwanza kwa chombo alichopanda, na kwa jina lake baadaye.

Watu wa pwani chini ya Mlima Meru

Mji wa Arusha umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566, na mamia ya kilomita huutenganisha na bandari ya Tanga. Hata hivyo bahari haikuwa mbali na maisha ya mlima kama ramani inavyoonyesha, kwa kuwa misafara ya pembe za ndovu iliyoanzia Pangani ilipita nyika ya Wamaasai na kando ya Meru miaka mingi kabla ya utawala wa Wajerumani, na wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Mrima na Unguja. Msafara wa mpelelezi Samuel Teleki uliopita chini ya Meru mwaka 1887 ulianzia pwani hiyo hiyo ya Pangani, na mwandishi wa habari zake, Ludwig von Höhnel, alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria. Katika zama hizo mtu mmoja aliweza kubeba mzigo bara kwa msimu mmoja na kuvuta kamba za jahazi kwa msimu uliofuata, kwa sababu kazi ya bandarini na kazi ya msafara zilitafuta nguvu zile zile na zilitolewa katika miji ile ile.

Baadaye Wajerumani walijenga Boma la Arusha, jengo ambalo leo ni makumbusho ya elimu ya viumbe, na boma hilo likavuta askari, wachuuzi, mafundi na makarani kutoka pwani, ambao walioa na kuzaa katika mji huo mpya. Reli kutoka Tanga, iliyokuwa imekwishafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifika Arusha mwaka 1929, na kwa njia yake familia nyingine nyingi za Tanga, Pangani na Bagamoyo zilipanda juu kufuata kazi na biashara. Ndiyo maana katika mitaa ya zamani ya Arusha, kama Kaloleni na Ng'arenaro, mtu anaweza kusikia kwamba babu wa babu alikuwa mwanamaji, alipanda chombo Unguja, na habari zake zikakatika.

Mabaharia hao walikuwa watu gani

Neno baharia linakusanya watu wa hali mbalimbali, na kuwatenganisha ni jambo la lazima, kwa sababu kila kundi liliacha maandishi ya aina yake na baadhi yao hawakuacha maandishi yoyote. Kundi la kwanza ni la mabaharia wa majahazi, mabaghala na mitepe, waliokwenda na pepo za msimu hadi Maskati, Sur, Basra na Bombay, wakiondoka na kusi na kurudi na kaskazi. Nahodha aliwajua watu wake kwa nyuso, na malipo yao yalikuwa fungu la faida ya safari, hivyo hapakuwa na haja ya daftari refu.

Kundi la pili ni la watu waliotumikia merikebu za masultani wa Unguja. Inayojulikana zaidi ni Sultana, iliyotumwa na Seyyid Said bin Sultan na kuingia bandari ya New York tarehe 30 Aprili 1840, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ambaye picha yake iliyochorwa huko imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts. Mjumbe alichorwa na habari zake zikaandikwa, lakini mabaharia wa kawaida waliomfikisha hawakupewa heshima hiyo, na tofauti hiyo kati ya mkubwa na mdogo ndiyo itakayomkabili kila anayetafuta. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alinunua meli za mvuke zilizobeba bidhaa na mahujaji, na meli hizo nazo zilihitaji watu wa sitaha na wa tanuri.

Kundi la tatu ni la wale ambao Waingereza waliwaita Sidi, jina lililotumika katika Bahari ya Hindi kwa watu wenye asili ya Afrika Mashariki. Jeshi la majini la Uingereza liliwaajiri Unguja, Aden na Bombay kwa kazi za mashua na za kuchochea moto wa injini, na kiongozi wao wa chini aliitwa tindali, neno lililotoka katika lugha za mabaharia wa India. Wengi wao walikuwa watu waliookolewa kutoka katika vyombo vya watumwa, wakaingia utumishi wa zile zile manowari zilizowakamata wafanyabiashara wa watumwa. Manowari kuukuu iitwayo London ilitia nanga Unguja kuanzia 1874 hadi 1883 kama kituo cha doria hiyo, mara baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari.

Kundi la nne ni la mabaharia wa meli za biashara za mvuke, ambao waliongezeka haraka baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869. Kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuleta barua Unguja mwaka 1872, na mwaka 1890 ikaanzishwa Hamburg kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie iliyounganisha Ujerumani na Tanga, Dar es Salaam na bandari nyingine za pwani hii. Katika meli hizo tanuri ilikuwa mahali pa joto kali na vumbi la makaa, na kazi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizomaliza afya za watu mapema.

Jina lililobadilika kwenye kalamu ya karani

Kikwazo kikubwa katika utafutaji ni jina, na kikwazo hiki kina sababu tatu zinazofaa kueleweka kabla ya kufungua daftari lolote. Sababu ya kwanza ni sikio la karani, ambaye aliandika alivyosikia kwa tahajia ya lugha yake, na kwa hiyo mtu kama Juma bin Mabruki angeweza kuonekana katika meli tatu kwa sura tatu tofauti, moja ikiwa imelibeba jina la baba kama ndilo la mtoto na nyingine ikiwa imelitupa kabisa neno "bin". Sababu ya pili ni mazoea ya wakubwa wa meli kuwapa wafanyakazi Waafrika majina mafupi ya Kizungu, ambayo yalikuwa mepesi kwa kuita kazini lakini hayakuwa na uhusiano wowote na ukoo wa mtu.

Sababu ya tatu ni historia ya utumwa, ambayo iliwafanya wengi wawe na majina mapya hata kabla ya kuona meli. Mfano unaojulikana ni wa Sidi Mubarak, aliyezaliwa katika nchi ya Wayao, akauzwa utumwani na kupelekwa India, kisha akarudi Unguja akiwa huru na kuwa kiongozi mashuhuri wa misafara ya wapelelezi kuanzia ule wa Burton na Speke wa 1857. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Bombay, yaani jina la mji wa safari yake, huku jina alilopewa na wazazi wake likipotea. Hali hiyo hiyo huonekana katika safu ya mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa neno "Zanzibar" likiandikwa hapo halimaanishi lazima kwamba mtu alizaliwa Unguja, bali mara nyingi lilimaanisha tu bandari alikoandikishwa, na mzaliwa wa Ziwa Nyasa, Unyamwezi au Manyema angeweza kuingia kitabuni kwa neno hilo moja.

Kwa nini chombo ndicho ufunguo

Meli ilikuwa mali yenye thamani kubwa, na kwa sababu hiyo ilifuatiliwa kwa uangalifu ambao hakuna baharia aliyefanyiwa. Kuanzia mwaka 1855 kila meli ya biashara iliyosajiliwa chini ya bendera ya Uingereza ilipewa namba rasmi, ambayo haikubadilika hata meli ilipobadilishwa jina, mwenyewe au bandari. Anayejua jina la meli na makisio ya miaka anaweza kuipata namba hiyo katika orodha za zamani za meli, ambazo nyingi sasa husomeka kwenye intaneti, na namba ndiyo inayomfikisha kwenye mikataba ya mabaharia.

Mkataba wa mabaharia ni karatasi ambayo nahodha wa meli na watu wake walitia sahihi au alama kabla ya safari, na ndani yake kila mtu aliandikiwa jina, umri, mahali pa kuzaliwa, meli aliyotoka, kazi yake, siku na bandari aliyoingia, na siku na sababu ya kutoka. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa wazao, kwa kuwa humo ndimo iliandikwa kama mtu aliachishwa kwa kawaida, alitoroka, aliachwa hospitalini au alikufa. Safu ya meli aliyotoka nayo ni kamba ya kuvutia, kwani humwezesha mtafutaji kurudi nyuma chombo kwa chombo hadi bandari ya kwanza, na wakati mwingine kuona jinsi jina la mtu mmoja lilivyobadilika njiani.

Mikataba hiyo haikubaki pamoja, na kutojua jambo hili huwapotezea watu muda mwingi. Ile ya kuanzia 1861 hadi 1938 iligawanywa, na takriban asilimia 70 yake imehifadhiwa katika kituo cha nyaraka za historia ya bahari cha Chuo Kikuu cha Memorial, katika mji wa St. John's, Newfoundland, nchini Kanada. Sehemu ya asilimia 10 iko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, na nyingi za miaka inayoishia na tarakimu 5, kama 1875, 1885 na 1895, ziko katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Greenwich. Kwa hiyo familia inayomtafuta mtu aliyesafiri mwaka 1875 itaanza Greenwich, na inayomtafuta mtu wa 1878 itaanza Kanada.

Kwa mabaharia wa manowari njia ni nyingine kidogo, lakini kanuni ni ile ile. Watu waliochukuliwa bandarini kwa muda, kama walivyochukuliwa Sidi wengi, mara nyingi hawamo katika madaftari makuu ya wanamaji wa kudumu wa Uingereza, bali wamo katika vitabu vya malipo vya meli yenyewe, vilivyoko Kew na vilivyopangwa kwa jina la manowari na mwaka. Kitabu cha kumbukumbu za safari cha manowari hiyo, ambacho maofisa walikijaza kila siku, huonyesha ilikuwa wapi tarehe ipi, na kuvisoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja humwezesha mtu kujua baharia alipoacha kulipwa na meli ilikuwa bahari gani siku hiyo.

Kifo kilivyoandikwa

Kifo cha baharia kilikuwa jambo la kisheria na la fedha, na hilo ndilo lililofanya kiandikwe hata pale ambapo maisha yake hayakuandikwa. Sheria za Uingereza za katikati ya karne ya 19 zilimlazimu nahodha wa meli ya biashara kuweka kitabu rasmi cha safari na kuingiza humo kila kifo kilichotokea, pamoja na sababu yake, na kuanzia 1851 mshahara wa marehemu na vitu vyake vilitakiwa kukabidhiwa serikalini ili vitolewe kwa warithi. Nguo na sanduku la marehemu viliweza kunadiwa melini kwa mabaharia wenzake, na fedha zilizopatikana zikajumlishwa na mshahara wake, hivyo ukurasa unaohusu kifo huweza kuwa na orodha ya vitu vyote ambavyo mtu alikuwa navyo duniani siku aliyokufa. Kwa mjukuu wa leo, orodha ya kanzu mbili, blanketi na msala ni habari kubwa, kwa sababu inamrudishia mtu mwenye mwili na dini mahali palipokuwa na jina tu.

Aliyekufa katikati ya safari alizikwa baharini, na kaburi lake kwenye maandishi ni latitudo na longitudo, yaani namba za mistari ya ramani zinazoonyesha mahali penyewe meli ilipokuwa. Madaftari ya vifo vya baharini ya Uingereza, yaliyoanza mwaka 1851, yako Kew na hutaja jina la meli, tarehe na sababu ya kifo. Aliyekufa bandarini ana njia zaidi, kwa kuwa hospitali, makaburi na ofisi za usajili za nchi kavu ziliandika kwa upande wao. London ilikuwa na hospitali ya mabaharia ya Dreadnought, iliyoanza kazi mwaka 1821 ndani ya meli iliyotia nanga Mto Thames na kuhamia nchi kavu Greenwich mwaka 1870, na madaftari yake ya wagonjwa wa mataifa yote yamehifadhiwa. Katika mtaa wa Limehouse ilifunguliwa mwaka 1857 nyumba ya kuwapokea wageni kutoka Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, ambako mabaharia waliokwama walipata malazi. Usajili wa vifo nchini Uingereza na Wales ulianza mwaka 1837 na Uskoti mwaka 1855, na cheti cha kifo kilichotolewa London, Cardiff, Liverpool au Glasgow bado kinaweza kuombwa na mtu yeyote, awe ndugu au asiwe ndugu.

Kwa upande wa meli za Kijerumani, familia huelekea Hamburg, ambako hifadhi ya nyaraka ya mji huo ina kumbukumbu za ofisi iliyoandikisha mabaharia. Kwa waliofia India au Aden, iliyotawaliwa na Waingereza tangu 1839, nyaraka za utawala wa India zilizoko katika Maktaba ya Uingereza mjini London, pamoja na hifadhi za Mumbai, ambao ndio Bombay ya zamani, ndizo mahali pa kuanzia.

Majahazi na karatasi zake chache

Mzee aliyesafiri kwa jahazi ni mgumu zaidi kupatikana, lakini si kweli kwamba majahazi hayakuacha karatasi hata kidogo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi na mataifa makubwa ili kukomesha biashara ya watumwa, uliweka masharti kwa vyombo vya wenyeji vilivyopeperusha bendera za mataifa hayo, yakiwemo masharti ya kuwa na orodha ya mabaharia na orodha ya abiria. Kabla na baada ya hapo, manahodha wengi wa Oman na wa visiwa vya Afrika Mashariki walichukua karatasi za Kifaransa ili kuepuka kupekuliwa na manowari za Uingereza, na ugomvi uliotokana na jambo hilo uliamuliwa na mahakama ya usuluhishi ya The Hague mwaka 1905. Karatasi hizo zilipita katika ubalozi, na ubalozi uliweka nakala, barua na malalamiko.

Unguja ilikuwa na ubalozi wa Marekani tangu 1837 na wa Uingereza tangu 1841, na majalada ya ubalozi wa Uingereza ni sehemu muhimu ya hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar iliyoko Kilimani. Humo mna barua za nahodha aliyelalamikia mabaharia wake, habari za vyombo vilivyokamatwa, na mambo ya mirathi ya watu waliokufa nje. Familia ya Arusha haina haja ya kuanza na safari ya Ulaya ilhali Kilimani ipo, na mara nyingi jina la chombo, ambalo ndilo ufunguo wa yote, huweza kupatikana huko kabla ya mahali pengine popote.

Funzo kutoka Meru yenyewe

Eneo la Mlima Meru lina mambo mawili ya kihistoria yanayoonyesha wazi nani hukumbukwa na maandishi na nani husahauliwa, na jinsi aliyesahauliwa anavyoweza kutafutwa. La kwanza ni la Akeri, ambako mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na morani wa rika la Talala. Wamisionari hao walitoka katika majimbo ya Baltiki yaliyokuwa chini ya Urusi, yaani Estonia na Latvia za leo, na wazao wa ndugu zao wanaweza kusoma maisha yao siku kwa siku, kwa sababu misheni ilitunza barua na taarifa zake, ambazo sasa ziko katika mji wa Halle nchini Ujerumani. Pamoja nao waliuawa wasaidizi wao Wachaga, ambao nao walifia ugenini mbali na vihamba vyao, lakini majina yao hayakupata nafasi inayolingana na ile ya wamisionari.

La pili ni la tarehe 2 Machi 1900, mwaka wa mwisho wa karne ya 19, ambapo Wajerumani waliwanyonga huko Moshi viongozi 19, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Wameru. Mabaki ya watu wengi waliouawa katika zama hizo yalisafirishwa kwa meli hadi Ulaya kwa ajili ya wakusanyaji wa mafuvu, akiwemo Felix von Luschan wa Berlin, ambaye mkusanyo wake binafsi ulinunuliwa na jumba la makumbusho la historia ya viumbe la New York mwaka 1924. Watu hawa hawakuwa mabaharia na walifia katika nchi yao, lakini wazao wao wamejikuta wakifanya kazi ile ile ya kumtafuta mzee wa ukoo ng'ambo ya bahari, na filamu ya mwaka 2024 iitwayo Das leere Grab, yaani kaburi tupu, inafuata juhudi za ukoo wa Kaaya wa Meru na ukoo wa Mbano wa Songea katika kazi hiyo.

Kati ya 2017 na 2019 watafiti wa makumbusho ya Berlin walichunguza mafuvu 1,135 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na wakaona kwamba 202 kati yake yalitoka Tanzania. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba fuvu moja limelingana kabisa na vinasaba, yaani alama za urithi zilizo katika chembe za mwili, vya mzao aliye hai katika eneo la Kilimanjaro, nalo ni la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Jambo la kuzingatia ni kwamba sayansi hiyo isingefaa kitu kama ukoo usingalikuwa umetunza simulizi, kwa sababu simulizi ndiyo iliyowaonyesha watafiti ni nani walio hai wanaopaswa kupimwa. Kumbukumbu za wazee na kumbukumbu za makabati zilikutana, na kila moja ikajaza pengo la mwenzake.

Pa kuanzia kwa familia ya Arusha

Kazi huanza nyumbani, kwa kuwauliza wazee maswali ambayo jibu lake ni kitu, mahali au tukio kuliko tarehe. Mzee ambaye hajui mwaka anaweza kujua kwamba babu aliondoka kabla ya kimbunga kilichoharibu Unguja mwaka 1872, au wakati wa Seyyid Barghash, au karibu na siku jumba la Sultani lilipopigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, na matukio kama hayo hugeuka kuwa tarehe bila shida. Kwa koo za Wameru na Waarusha, rika hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa kusema babu alikuwa wa Talala ni kumweka katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Pale ambapo familia imehifadhi barua au maandishi ya mirathi kwa hati za Kiarabu, tarehe zake za Hijria zibadilishwe kwa uangalifu, kwani mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kawaida, na kosa dogo huweza kumpeleka mtafutaji kwenye safari isiyo yake.

Baada ya hapo ziandikwe namna zote za jina, likiwemo la utani, la baba na la ukoo, kisha utafutwe msaada wa ndugu waliobaki Tanga, Pangani au Unguja, ambao mara nyingi wanashikilia nusu nyingine ya habari. Ndipo zifuate Kilimani na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako nyaraka za utawala wa Wajerumani zimehifadhiwa, na mwisho kabisa hifadhi za ng'ambo, ambazo hujibu maswali ya barua vizuri zaidi yanapotaja jina la meli, mwaka na bandari. Kila kinachopatikana kiandikwe pamoja na mahali kilipotoka, na kila kisichothibitishwa kiitwe dhana, kwa maana jina linalofanana peke yake si ushahidi. Panapokuwa na Juma wengi, umri, bandari na meli iliyotangulia ndivyo vinavyotenganisha mmoja na mwingine.

Nyaraka zilizoko Kew, Greenwich, St. John's, Hamburg na Kilimani zimetunzwa vizuri, na nyingi zitakuwapo hata miaka 50 ijayo. Simulizi za wazee wa Kaloleni, Ng'arenaro, Akeri na Pangani hazina ulinzi huo, na kila msiba wa mzee huondoka na jina la chombo ambalo hakuna kabati litakalolirudisha. Basi familia yenye mzee wa ukoo aliyefia ng'ambo isingoje nauli ya London wala kipimo cha vinasaba. Ikae na wazee wake sasa, iulize jina la chombo, na iliandike.